Nanasi la Nyanchama

Asubuhi ile Nyanchama alijipaka unga wa wimbi kwenye leso, akakaa karibu na moshi hadi macho yakamwasha, ili wageni wamwone bibi aliyetoka kupika. Uongo mtupu. Hata kitunguu hakukimenya.

Aliyekuwa jikoni ni mjukuu wake, Masese. Zamani hakukuwa na harusi Nyamache bila pilau yake. Kisha akashikwa na ugonjwa wa akili, akawa anasikia sauti, akalazwa hospitali. Alirudi na dawa zake na utulivu wake, lakini simu ya kumwita kupika haikulia tena. Mtu kama yule umpe kisu? Ndivyo walivyosema. Na sasa Phanice, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alikuwa anamwoza bintiye Sheila, na mpishi hajapata.

"Nyanya, wakijua watatapika," Masese akanong'ona.

"Watapike kuku wangu? Thubutu! Kaa huko, nikikuita uje na nanasi."

Akina mama wa kikundi, Phanice akiwemo, wakaitikia mwaliko wa Nyanchama, wakanawa, wakazunguka ugali wa wimbi na kuku wa mchuzi. Phanice alikula hadi akasahau kuongea, jambo ambalo kijiji hakijawahi kuliona.

"Mama, hii mikono yako imebarikiwa," akasema, akilamba kidole.

"Kitendawili!" Nyanchama akadakia.

"Tega!"

"Jiko langu, kuku wangu, lakini mkono uliopika si wangu."

Wakakuna vichwa. Mjukuu wako Valentine? Yuko shule. Mokeira, basi? "Mokeira huyu anaunguza hata maji!" Nyanchama akasema. Mokeira mwenyewe, aliyeketi kati yao mdomo umejaa, akacheka kuliko wote.

"Tumeshindwa. Chukua mji, chukua Kisumu!"

"Joto."

"Nairobi!"

"Nikale nini huko? Sitaki mji. Nipe jiko la harusi ya Sheila."

"Chukua!" Phanice akacheka. "Haya, nani amepika?"

"Masese! Leta nanasi."

Masese akatokea, nanasi mkono huu, kisu mkono ule. Kicheko kikakatika. Phanice akabaki na paja la kuku hewani, hamezi wala hatemi. Nyanchama akajilaumu kimoyomoyo: ndizi zimejaa shambani, kwa nini sikusema ndizi?

Masese akaweka kisu mezani, polepole.

"Mama Sheila, ni kweli niliugua. Nakunywa dawa kila siku, kama wewe unavyokunywa za presha. Nikihisi vibaya nitasema mwenyewe, na kisu nitakiweka chini, hivi."

"Lakini watu watasema..."

"Watasemaje, na midomo imejaa pilau?" Nyanchama akauliza.

Phanice akameza. Akatazama kisu, akatazama mifupa mitupu kwenye sahani yake.

"Wakwe zangu wa Nyansiongo wanakula, kijana. Pilau ikipungua nitajificha wapi?"

"Haitapungua, mama."

Phanice akakisukuma kile kisu, mpini ukimwelekea Masese.

"Basi kata hilo nanasi. Na ukate nyembamba, meno yangu nayatunza kwa ajili ya harusi."