Ua la Dolphine Lafika Homa Bay

Mke wangu Rael alipolazwa hospitali ya Homa Bay, mwaka wa tisini na sita, aliniachia kazi moja tu huku Migori: ua la Dolphine. Dolphine alikuwa binti yetu, wa pekee. Alilipanda kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo likizo yake ya mwisho, ua la majani mekundu yenye pindo la kijani, na muhula uliofuata haukuisha kabla hatujamzika. Miaka tisa sasa. Nguo zake ziligawiwa, picha zikaliwa na mchwa. Kilichobaki hai cha mkono wake kilikuwa kwenye huo mkebe.

"Lisife, Baba Dolphine," Rael aliniambia. "Hilo tu."

Mimi ni fundi wa laini za simu, mstaafu. Miaka thelathini na moja nimevuta waya, nguzo kwa nguzo, mpaka Isebania, na katika kazi yangu kitu kirefu ndicho kizuri. Anayekata waya ni mwizi, na tulikuwa tunamkimbiza. Kwa hiyo ua lilipoanza kurefuka nilifurahi. Dirisha nilikuwa nimelifunga kwa sababu ya vumbi la barabara, sebule ikawa giza, na ua likaufuata mwanga uliopenya juu ya mlango. Nikapigilia misumari ukutani, nikalipitisha juu yake kama laini, nikawa nalipima kila asubuhi kwa futi.

Na kila Alhamisi nilimpelekea Rael habari.

"Limefika dari, Mama Dolphine. Limekunja kona lenyewe, bila kuuliza mtu."

"Wacha uongo."

"Limetoka nje! Jogoo wa jirani Nyangau amelipanda, sasa anashindwa kushuka, anawikia huko huko. Nimeanza kulichimbia nguzo. Likifika Rongo, katikati ya njia, nalikunja lije huku. Likigusa kitanda chako, shika jani useme halo."

Alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Kicheko chenyewe kilikuwa kimebaki uzi tu, lakini kilikuwa kicheko, na ili nikipate ningedanganya mpaka Kampala.

Ukweli ni kwamba ua lilikuwa futi saba za kamba tupu. Majani ya chini yalianguka moja moja. Ya juu yakabaki manne, yamepauka kama nguo iliyofuliwa sana. Nikaongeza maji. Yakabaki matatu.

Halafu Alhamisi moja daktari akaniita pembeni, akaniambia nisihesabu miezi, nihesabu wiki. Niliporudi kitandani Rael alikuwa ananingoja.

"Leo sitaki habari. Niletee nilione."

"Lote?"

"Hata tawi moja. Nilishike. Umesikia?"

Nilitoka koridoni. Terry, msichana aliyekuwa akipiga deki wodi ile, alinifuata na ndoo yake. Huyu alikuwa na mikebe yake ya maua kwenye dirisha la wodi, maua mafupi, manene, yamejaa kama kabichi.

"Mzee, hilo ua lako la kutembea mpaka Rongo, lina majani mangapi?"

Sijui kwa nini sikumdanganya. "Matatu."

"Aii! Basi halikui hilo, linakimbia giza. Fungua dirisha. Halafu ulikate."

"Nikate nini? Majani yako kichwani peke yake."

"Hicho kichwa ndicho ukate. Kata chini ya kifundo cha jani, weka kwa maji. Shina nalo likate vipande, utie majini. Si hata waya zenu huungwa?"

"Waya ukiukata, simu inakufa."

"Haya, ngoja life lenyewe," akasema, akainama kwenye deki yake.

Ijumaa mchana nikafungua dirisha, vumbi likaingia, nikaliacha liingie. Nikachukua koleo la kazini. Mkono uliopanda nguzo radi ikipiga ulikataa kabisa. Nikamwomba Dolphine radhi kwa sauti, peke yangu humo ndani kama mwendawazimu, nikakata. Vipande vitano pamoja na kichwa, chupa tano za soda. Mkebeni kikabaki kisiki.

Jumatatu viwili vililainika. Jumatano cha tatu kikanuka, na kisiki kikakauka. Alhamisi sikwenda Homa Bay. Ningekwenda na nini? Nilikaa nikizitazama chupa mbili kama mtu anayengoja simu ipigwe. Cha nne kikaenda Jumamosi. Kilichobaki kilikuwa kichwa chenyewe, na Jumatatu kikatoa mzizi mmoja mweupe, kama mvi.

Alhamisi iliyofuata niliibeba chupa hiyo ndani ya shati. Rael alikuwa amepungua, shuka limelala karibu bapa.

"Wiki jana hukuja."

"Nililikata, Mama Dolphine. Hakuna nguzo, hakuna Rongo. Nililiacha gizani mpaka likaisha. Hiki ndicho kilichobaki."

Aliligusa jani, akalinusa. "Kwani nilidhani kuna nguzo? Miaka tisa, kila ukienda kazini, nani alikuwa analibana vichwa? Lingekuwa limetunyonga sisi sote."

"Ulikuwa unalikata?"

"Kwa kucha. Wewe uliona tu limenona." Akaisogeza chupa kwangu. "Bana hapo juu. Katikati ya majani."

"Ni hiki tu kimebaki!"

"Ndiyo sababu. Ukikiacha kitakimbia tena."

"Bana wewe."

Aliinua vidole, akakifikia kichwa, akabana. Kichwa hakikukatika. Alijaribu tena. "Vimeisha nguvu," alisema. "Tumia vyako."

Nikabana. Hakikutoa hata sauti.

"Wiki mbili," alisema. "Yatatoka machipukizi mawili."

Wiki mbili. Nilimtazama daktari akipita kule mwisho wa wodi, nikatazama chini.

"Nitakuja kukuambia."

"Usiniambie. Liache hapa, nilione mwenyewe."

Terry alisogeza mikebe yake, akaipatia chupa nafasi kwenye dirisha lililokuwa mbele ya kitanda. Rael akageuzia uso huko. Nikadhani amelala.

"Baba Dolphine."

"Naam."

"Jogoo wa Nyangau alishuka?"

Nikavuta kiti karibu. "Atashukaje? Yuko juu bado. Jana ameagiza ngazi."