Mchanga wa Ubavu wa Sita

Mjomba wake alikuwa na maneno mengi kuliko meno, na siku hizi meno yenyewe yalikuwa ya kuhesabika. Kila asubuhi alikuja karakanani, akavuta kiti pekee chenye mgongo, akaketi katikati ya njia na kuanza kukosoa. Bomba limekatwa fupi. Pembe haiko sawa. "Enzi zetu," angesema, na Chongo akajua kwamba saa nzima imeshapotea.

Chongo ndiye aliyekuwa mwenye karakana. Mama yake alimpa jina zuri tu, lakini tangu jicho la kushoto liondoke watu walimpa hilo la Chongo, naye akaliandika mlangoni kwa rangi nyekundu: CHONGO, FUNDI CHUMA. Ukiona watu wanataka kukucheka, watangulie. Na hata waliomcheka walimletea kazi, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeweza kupinda bomba bila kulibonyeza.

Safari hii kazi ilikuwa ya binti wa mjomba huyo huyo. Binamu alikuwa mpima ardhi, nusu ya maisha yake ni porini, kwenye mahema yanayovuja. Alitaka trela ndogo ya kulala, ya kuvutwa nyuma ya gari: kitanda ndani, jiko nyuma, mgongo umepinda kama tone la maji. "Dada, nataka mifupa yake iwe ya chuma," alisema. "Ya mbao itaachia njiani." Chongo alimpenda sana binamu huyo. Ndiye aliyemfunga binamu kamba za viatu alipokuwa anaanza shule.

Fremu ya sakafu, ya mabomba ya mraba, ilikwisha kwa siku mbili. Kazi ilikuwa mbavu: nane, za bomba la duara, zote zifuate mchoro mmoja wa chaki ubaoni. Bomba tupu ukilipinda hubonyea. Kwa hiyo hujazwa mchanga, ukashindiliwa, ncha zote mbili zikapigwa vizibo vya mti, ndipo likachomwa moto na kuvutwa taratibu. Sharti ni moja tu, mchanga uwe umekauka kabisa. Mchanga mbichi ukipata moto hutoa mvuke, na mvuke uliofungiwa hauombi ruhusa ya kutoka.

Hilo Chongo alilijua kwa gharama ya jicho. Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa akijifunza kazi kwa mjomba. Siku moja baada ya mvua, mjomba ana haraka, akajaza bomba mwenyewe.

"Mjomba, mchanga umekauka?"

"Umekauka. Shika mwisho, acha maswali."

Akashika. Kizibo kikafyatuka, kikamkuta usoni.

Jicho lilimuuma miezi mitatu. Kilichofuata kilikuwa kinamuuma mpaka leo. Mjomba aliwaambia watu kwamba msichana alikuja kazini amelewa, akajikwaa, akaangukia moto. Pombe yenyewe Chongo hakuwahi kuionja! Lakini mjomba alikuwa mtu wa heshima zake, na mwongo mwenye mvi huaminiwa upesi kuliko mkweli mwenye bandeji. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Mchumba wake aliita chongo chongo, akaenda zake. Na mama, mama yake mzazi, alimshika mkono akampeleka akapige magoti mbele ya mjomba, amwombe radhi kwa kuiaibisha karakana yake. Akapiga magoti. Mjomba akamsamehe. Hebu fikiria, akamsamehe!

Kwa hiyo asije mtu akamshangaa kwa alilolifanya siku ya ubavu wa sita.

Asubuhi hiyo alikuja mteja kuchukua geti lake. Mjomba hakumpa hata nafasi ya salamu. "Unamwona mpwa wangu? Fundi hodari. Ila ujanani, kinywaji kidogo..." Akainua gilasi ya hewa mdomoni, akacheka. Mteja naye akacheka kwa adabu. Ndani ya karakana ya Chongo, juu ya kiti cha Chongo.

Chongo alikuwa na mchanga mkavu tele, umeanikwa juu ya bati siku tatu. Akaupita. Akatoka nje, kwenye rundo lililo chini ya tangi la maji linalovuja, akachota mchanga mzito, wenye baridi. Akashindilia. Akapiga vizibo. Moyoni alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi katika miaka hiyo yote.

"Mjomba," aliita kwa sauti tamu mteja alipoondoka, "njoo unishikie mwisho."

"Si nilisema? Bila sisi wazee hamuwezi kitu."

"Vaa miwani basi."

"Miwani ni ya wanafunzi."

Haya, shauri yake. Chongo akabana ncha moja kwenye jiriwa, mjomba akashika nyingine, kizibo kikimtazama usoni. Chongo akawasha moto wa gesi. Chuma kikaanza kuwiva, chekundu.

"Baba! Daktari alikwambia nini kuhusu hiyo mikono inayotetemeka?"

Ni binamu, amepitia kuangalia trela yake. Kabla Chongo hajafungua kinywa, binamu alishamsogeza baba yake pembeni na kulishika bomba yeye mwenyewe. "Haya dada, nivute?"

Chongo aliuondoa moto, lakini sauti haikutoka. Kisha, kwenye kizibo, bomba likalia kwa sauti nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka.

"Toka! Mchanga mbichi! Toka!"

Ni mjomba aliyepiga kelele, akamrukia binti yake, wakaanguka wote wawili. Kizibo kikafyatuka, kikapita juu yao na kuutoboa ubao wa mchoro.

Binamu aliinuka akijipangusa magoti. "Baba, umejuaje kama ni mchanga mbichi?"

"Si umesikia? Ukiwa mbichi bomba hulia kwanza, halafu ndipo..." Akajiziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amechelewa.

Miaka yote Chongo aliamini kwamba mjomba alikosea, kisha akaogopa, kisha akadanganya. Kuhusu kulia kwa bomba hakuwahi kujua. Siku ile alikuwa mgeni wa kazi, na mashine zilikuwa zinanguruma.

"Na langu lililia?" aliuliza.

Mjomba aliangalia viatu vyake.

"Mjomba. Lililia?"

"Lililia. Mwenye kazi alikuwa amesimama mlangoni, anatuangalia. Niliona aibu. Nikasema labda kizibo kitashika."

Aibu! Jicho zima, mchumba, jina, magoti yale, kwa sababu ya mteja mmoja mlangoni.

Binamu alimgeukia Chongo. "Na hili nani kalijaza?"

"Mimi. Makusudi. Lilikuwa la baba yako, si lako."

Binamu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kumbe mmefanana," alisema, akatoka akaenda kukaa ndani ya gari lake, milango kaifunga.

Neno hilo lilimkata Chongo, tena lilimkata vizuri, kwa sababu lilikuwa kweli. Angelibeba. Lakini si peke yake, na si leo. Akatoa simu.

"Mama, njoo karakanani. Sasa hivi. Kaka yako ana neno la kukwambia. Mimi pia nina langu, litafuata."

Mjomba alijiinua. "Nina dawa za kumeza saa sita."

Chongo akaokota nyundo aliyopigia vizibo, akasimama mlangoni. "Kaa, mjomba."

Akakaa. Walingoja mpaka mama akaingia na mkoba wake kwapani, akihema, akimtazama kaka yake kwa wasiwasi kama mtu aliyeitwa msibani.

"Kuna nini?"

Mjomba alimtazama Chongo. Chongo hakupepesa jicho lake moja.

"Dada," mzee akaanza, "siku ile ya mtoto wako... mchanga ulikuwa mbichi."

"Endelea," akasema Chongo.