Matufaa ya Jioni ya Moto

...na siki usiisahau, kijiko kimoja tu, bila siki sukari inarudi kuwa chenga, hivyo ndivyo mama yake alivyokuwa akimwambia Enid kila tarehe tano Novemba, jikoni humu humu, na Enid akaimimina siki, mvuke wake ukamchoma macho, sikio lake liko sebuleni, ambako mumewe Clifford na rafiki yake Ronnie wanamshindilia majani makavu sanamu wa yule msaliti wa kale anayechomwa kila mwaka jioni hii, wanacheka, wanaume hawa hawajacheka tangu mgomo wa kiwandani uvunjike, acha wacheke, matufaa yamepangwa mezani, kila moja na kijiti chake kichwani, yanangoja kuchovywa kwenye tofi, mtaa mzima, hapa Yorkshire, unayajua matufaa ya Enid, watoto hupewa kwanza ndipo moto uwashwe, haijawahi kuwa vingine, koroga taratibu, tofi haipendi haraka... "Mama," ni Gilly huyo, binti yao, buti za mpira zimejaa tope, "mbona sanamu wa mwaka huu kavaa koti la Bwana Holroyd?" Koti gani, alisema Enid bila kugeuka, sufuria haiachwi sasa, "lile refu la jeshi, lililochanika mfukoni," na Enid akalijua, nani asiyelijua, mzee yule jirani yao hulivaa hata Julai, lilikuwa la kaka yake ambaye hakurudi kutoka vitani, asingempa mtu koti lile, asingempa hata mfalme... "Kawapa mwenyewe hilo koti?" akapaza sauti, na Ronnie akajibu kutoka sebuleni, "Katuachia urithi, shemeji!" na vicheko tena, na kitu kikaanguka, labda kichwa cha sanamu, "Mkate shingo kabisa huyo msaliti!" na hapo Enid akaiona tena asubuhi ile ya mgomo langoni mwa kiwanda, wafanyakazi wote wamesimama nje kwenye baridi, yeye kaja na chupa ya chai ya Clifford, na Holroyd akapita katikati yao kwenda kazini, peke yake, kichwa chini, na Enid alisikia mate yakitua kwenye koti lile, alisikia, mzee hakujipangusa, alikwenda tu, na kiwanda kilipofungua tena Ronnie hakuitwa tena kazini, na tangu hapo ni mawe dirishani na rangi nyekundu mlangoni, utani tu, Clifford alisema, watachoka... tofi inageuka rangi, sasa ya asali, sasa ya shaba, na harufu hii nyingine imetoka wapi, hii si sukari, hii ni mafuta ya taa, Clifford amesimama mlangoni na kopo mkononi, anatabasamu, "Yale magazeti ya zamani umeyaweka wapi, mke wangu?" Chini ya ngazi, na mafuta ya nini, mwaka gani mmewahi kuhitaji mafuta? "Kuni zimelowa mvua. Halafu rundo tumelisogeza." Mmelisogeza wapi? "Kule mwisho, kwenye uzio wa Holroyd. Upepo unatoka huku, ya nini tujazane moshi nyumbani?" Uzio wa mbao, Enid akawaza, na nyuma ya uzio kibanda cha makaa, cha mbao nacho, kimeegemea ukuta wa jiko la mzee, uzio, kibanda, ukuta, na upepo unatoka huku... "Na mwenyewe je?" Clifford akaitazama sufuria, si yeye, sufuria, "Hayupo. Kaenda kwa dada yake, Halifax. Nyumba tupu ile." Lakini asubuhi Enid alikuwa uani anaanika mashuka na pazia la ghorofani kwa Holroyd likasogea, akaona vidole, kisha uso, umeparara, haujanyolewa, na dohani haitoi moshi hata kidogo, mtu amekaa gizani bila moto bila koti, basi Clifford hajui, bila shaka hajui, kaambiwa na Ronnie naye kaamini, mwambie tu, mwambie sasa, Cliff, mzee yumo ndani, atashtuka, ataweka kopo chini, atakuwa yule yule Clifford... "Lakini Baba," Gilly akasema, "si uliongea naye jana? Pale mlangoni kwake, kwenye tundu la barua. Ulimwambia asitoe hata pua." Tofi ikatokota, pu, pu, pu, na Clifford akainama kwa mtoto, "Nenda kanawe mikono, kipenzi changu," kwa upole, na upole ule Enid akautambua, kwa sababu aliwahi kuusikia, siku mbwa wao mzee alipopelekwa nyuma ya banda, Clifford akimpapasa masikio, twende, twende kipenzi changu, na bunduki imeegemezwa ukutani... Akachota tone la tofi kwa kijiko, akalidondosha kwenye bakuli la maji baridi, likalia ta, akalivunja kwa vidole, likakatika kama kioo, imeiva, imeiva kabisa, na Ronnie anaita kutoka mlango wa mbele, "Shemeji, vipi, watoto wa watu wanaganda huku!" na Clifford bado yupo mlangoni na kopo lake, anangoja, uso ule ule ambao Enid ameamka nao kila asubuhi tangu harusi, na mlango wa nyuma haujafungwa komeo, na kichochoro kinapita nyuma ya nyua hadi kwa Holroyd, hatafungua akigongewa, nani angefungua, itabidi amwite, amwambie ni Enid, toka Bwana Holroyd, toka hivyo hivyo ulivyo... "Imeiva?" Clifford akauliza. "Bado," Enid akasema, anakoroga, "bado kidogo, ikitolewa sasa itanatanata. Wape wenzio chai kwanza," na sauti haikumtetemeka, akaisubiri itetemeke, haikutetemeka, hajawahi kumdanganya mume huyu katika jambo lolote na tazama, ni rahisi kama kupumua, na hilo likamtisha kuliko koti, na Clifford akamwamini, akaitikia kwa kichwa, akarudi sebuleni, na akamvutia mlango wa jikoni, taratibu, kama mume mwema, baridi isije ikaingia kwenye tofi.