Chonga wa Bwana Mtendaji

Gogo la mnazi lililooza nyuma ya jiko langu nilikuwa nilichome Jumatatu. Jumapili akaja daktari.

Si daktari wa sindano. Huyu, Dakta Abdulhalim, ni msomi wa wadudu. Alipanga chumba Kibiti mjini, na kila asubuhi bodaboda ilimleta huku Mahege na vichupa vyake. Akaniamkia, nikaitikia, akaomba kulipekua gogo.

"Pekua, baba," nikamwambia. "Humo mna chonga watupu. Kesho nalichoma."

Mwenye mnazi yeyote anamjua chonga, lile dude jeusi lenye pembe. Huzaliwa kwenye magogo yaliyooza, akikua huruka akatoboa kilele cha mnazi mchanga, akala moyo wake. Moyo ukiisha, na mnazi umekwisha. Nami mnazi mchanga ninao mmoja tu, wa mjukuu wangu Muzdalifa. Alipozaliwa tulizika kitovu chake, tukapanda mnazi juu yake, kama tulivyopandiwa sisi. Mtoto sasa ana miaka mitano, na mnazi wake nikinyoosha mkono nafika kileleni. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekuta makapi yaliyotafunwa kwenye makuti yake.

Daktari alichutama pale gogoni mpaka adhuhuri. Aliponyanyuka alimshika mdudu mmoja kama mtu aliyeshika yai.

"Bibi, huyu si chonga mnayemjua. Tazama pembe, nchani imegawanyika. Dunia nzima hajaandikwa."

"Kwa kuandikwa sijui. Kwa kuonekana, namwona tangu sijaolewa."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza?"

Kabla ya alasiri habari ilishamfikia mtendaji wa kijiji, Bwana Sadala. Akaja na kibao, akakichimbia mwenyewe: Marufuku kuchoma, kukata wala kusogeza gogo hili. Nikamshika mkono nikampeleka kwenye mnazi wa mtoto.

"Mtendaji, mdudu wako anakula hapa."

"Bi Semeni, huyu sasa ni rasilimali ya taifa. Rasilimali ya taifa haili minazi."

"Inakula nini?"

"Kamati itakaa."

Kamati ikakaa. Haikukaa kwa ajili ya chakula cha mdudu, ilikaa kwa ajili ya jina lake. Daktari alikuwa amekosea kusema kwamba kiumbe mpya anaweza kupewa jina la mtu, kwa heshima. Hapo kila mjumbe akakumbuka mapenzi yake kwa wadudu. Mmoja alisema aliumwa na huyo huyo akiwa mdogo, akaonyesha kovu, mkewe akasema lile ni kovu la panga. Bwana Sadala alishinda, kwa kuwa kibali cha daktari kilihitaji muhuri, na muhuri ulikuwa mfukoni mwa Bwana Sadala.

Daktari akahamia barazani kwangu kumwandika. Alipima pembe, akapima mabawa, akahesabu vinyweleo vya mguu wa nyuma, na alipofika kumi na saba akaanza upya, asije akamdhulumu. Mimi kadi yangu ya kliniki imeandikwa maneno mawili: Mzee. Magoti. Nikampa mihogo ya kuchemsha, akala huku anaandika. Alimuuliza mdudu kila kitu. Mie mwenye gogo hakuniuliza hata kimoja. Akafunga vichupa akaondoka.

Mfungo ukaingia, ukatoka. Kila asubuhi nilichukua waya wenye ndoana, nikauchomeka kwenye tundu za kilele, nikavuta. Leo wawili, kesho watatu. Gogo lilizaa kuliko nilivyovuta, na kuti changa la katikati likaanza kulegea. Nilikwenda ofisini mara nne kuomba ruhusa ya kuchoma. Mara zote nne kamati ilikuwa haijakaa.

Baada ya Idi daktari akarudi na karatasi zilizochapishwa. Bwana Sadala akakusanya kijiji uwanjani kwangu, karibu na gogo, naye kavaa koti. Daktari akasoma rangi, pembe, vinyweleo kumi na saba, na jina la Kilatini lenye Sadala mwishoni. Watu wakapiga makofi. Kisha akasoma mstari wa mwisho: "Chakula cha mdudu mkubwa hakijulikani."

Nikanyoosha mkono.

"Maswali baadaye, Bi Semeni," akasema mtendaji.

"Si swali, mwanangu. Ni jibu."

Nikachukua waya wangu, nikaenda kwenye mnazi, wakanifuata. Nikachomeka, nikavuta. Akatoka mdudu, moyo mweupe wa mnazi ungali mdomoni. Daktari akaitazama ile pembe, nchani imegawanyika.

"Ndiye," akasema. Akapiga magoti mchangani akaandika, huku anatamka: "Mharibifu mkubwa wa minazi michanga."

Jirani yangu Gharibu akakohoa. "Kwa hiyo ile minne yangu imeliwa na Sadala?"

"Na ya mama yangu," akasema Ashura wa kisimani. "Sadala aliimaliza yote."

Mtendaji akamvuta daktari pembeni, lakini uwanja wangu hauna pembeni. Tulisikia. "Hilo jina mpe Bi Semeni. Gogo ni lake."

"Mimi nina jina la kunitosha," nikasema.

"Haiwezekani," daktari akamwambia. "Jina likishachapishwa halirudi. Litabaki hata baada yetu."

Jioni ile Bwana Sadala alikuja peke yake na dumu la mafuta ya taa. Aling'oa kibao chake, akakilaza juu ya gogo, akawasha. Kamati haikukaa. Mie nikachanganya majivu na mchanga, nikavijaza kwenye kilele cha mnazi wa mtoto, nikasubiri.

Wiki ya tatu kuti jipya likachomoza. Lilipofunguka lilikuwa limekatwa pande zote mbili, kama kwa mkasi, lakini la kijani, limesimama. Muzdalifa akaliangalia.

"Bibi, mbona limekatika hivi?"

"Lilipita ofisini kwanza," nikamwambia.