Noti ya Juu ya Dale

Jumanne jioni Lorna Stankiewicz alikuwa jikoni kwa Bi Engebret, anaimba kupitia mrija uliotumbukizwa kwenye glasi ya maji. Hivyo ndivyo muziki wa rock unavyofundishwa katika mji wa Nekoma Falls. Bi Engebret aliongoza kwaya ya Walutheri mpaka magoti yakamkatalia, na hakuwa na subira na watu wa kupayuka.

“Mapovu yatoke sawasawa! Yakirukaruka, ujue unasukuma. Na hicho kidevu, mwanangu, kishushe. Noti unaitafuta darini?”

“Koo linawaka, Bi Engebret.”

“Litaachaje kuwaka? Unalikaba mwenyewe! Fungua kwa nyuma kama unapiga miayo, kaza tumbo, kisha panda polepole kama king'ora cha kiwanda. Kelele ya kooni ni ya ugomvi, si ya muziki.”

Noti yenyewe ilikuwa ya kaka yake. Dale ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi yao, na wimbo wake wa mto uliishia kwenye ukelele wa juu mpaka glasi za baa zinavuma. Majira ya baridi ya mwaka juzi, rola la mashine ya kiwanda cha karatasi, gogo la chuma linalozunguka, lilimvuta mkono, kisha likamvuta mwenyewe. Kiwanda kilisema alikufa kufumba na kufumbua, hata maumivu hakuyasikia, na mama yao aliishikilia kauli hiyo kama blanketi. Lorna, mfungaji mizigo wa kiwanda hichohicho, akarithi maikrofoni. Alitaka kitu kimoja tu: siku ya kumkumbuka Dale, mama yao aisikie noti ile palepale Dale alipoiacha.

Hakuiweza. Kila alipoifikia sauti ilipasuka, watu waliokuja kula wakajifanya wanatafuta miiba kwenye samaki wao. Arvid, mpiga gitaa, ambaye alikuwa zamu moja na Dale, akawa analegeza nyuzi kimyakimya ili wimbo mzima ushuke.

“Umezilegeza tena,” Lorna alimwambia.

“Nakuhurumia, dada. Nani atajua?”

“Mimi nitajua. Zikaze.”

“Utaliua koo bure. Si uuache tu wimbo wenyewe?”

“Arvid, zikaze bwana!”

Akazikaza bila kumtazama.

Ijumaa ya kumbukumbu ukumbi wa chama cha wafanyakazi ulijaa, samaki wa kukaanga wakipita na kabichi yao. Bwana Tollefson, meneja wa kiwanda, alikaa meza ya mbele. Wimbo ulipofika mwisho Lorna alishusha kidevu, akakaza tumbo, akapanda polepole. Noti ikatoka safi, bila kuuma hata kidogo. Ila ilikuwa sauti ya Dale.

“Zimeni!” ilisema, juu kabisa, pale hasa ilipotakiwa. “Kamba haivutiki! Arvid, fungua kamba! Zimeni!”

“Dale huyo,” alisema muuza baa, akaendelea kufuta glasi.

Kamba ya dharura hupita juu ya rola. Ukiivuta mashine husimama, na karatasi nyingi huharibika. Kwa hiyo Tollefson aliamuru ifungwe kwa waya isivutike, Arvid akaifunga. Nusu ya ukumbi walilijua hilo. Nusu nyingine walikuwa wake zao.

Lorna alijaribu kufunga mdomo, ukakataa. Noti ilidumu kadiri ilivyodumu siku ile kiwandani. Arvid alirudia kiitikio, akarudia tena, na tena, samaki wakapoa. Mama yao alibaki na uma hewani, akisikia kufumba na kufumbua kulivyokuwa kurefu. Kisha mdomo wa Lorna ukajifunga.

“Kidevu kilikaa chini,” alisema Bi Engebret. “Vizuri sana.”

Tollefson alifuta midomo, akasimama, akapiga makofi. Kwa kuwa yeye amesimama, wengine nao wakasimama. “Mama Stankiewicz, kijana wako alikuwa na sauti, aisee! Ijumaa ijayo urudiwe wimbo huu.”

Nyuma ya jukwaa Lorna alimkabili Arvid. “Kumbe ulikuwa unazilegeza ili asisikike.”

“Niliambiwa funga, nikafunga. Nina watoto, Lorna.” Alilia bila kujificha. Lorna aliinua mkono amzabe kofi, akaushusha.

Jumatatu king'ora kililia, wakaingia kazini wote wawili. Waya ulikuwa palepale juu ya rola.

Sasa wimbo huo huimbwa kila Ijumaa, na watu huja hata kutoka miji ya jirani. Mama Stankiewicz hufika mapema na kuketi kwenye kiti kilicho karibu kabisa na jukwaa.

“Tushushe kidogo?” Arvid huuliza kila mara, na Lorna humtazama mama yake. Mama hutikisa kichwa kukataa.

“Nakusikia, mwanangu,” humjibu Dale anapoanza kuomba mashine izimwe. “Nakusikia. Mama yako nakusikia.” Huendelea kumjibu hivyo mpaka noti iishe, na meza ya nyuma huomba waongezewe limau.