Kome Wanene wa Profesa

Profesa alikuwa na uhakika ule wa watu wasiowahi kulowa magoti. Kome wa ziwani, viumbe wale wa magamba mawili, ni wa mviringo, wamevimba. Wa mtoni ni bapa na warefu. Basi ni jamii mbili tofauti, akasema, na ile ya ziwani, kwa unyenyekevu wake wote, akaipa jina lake mwenyewe.

Aliyempimia magamba hayo alikuwa fundi wa maabara, mwanamke wa makamo ambaye kila mtu alimwita Mama Vipimo, hata mumewe. Siku moja alimwambia Profesa kwa adabu kwamba huenda ni maji tu yanayowafinyanga hivyo. Profesa akatabasamu kama aliyesikia mtoto akihesabu hadi kumi, akamtuma akaoshe ndoo.

Akaziosha. Kisha akazitia kome wachanga aliowalea mwenyewe kwenye matangi, kila kundi la mama mmoja, akawatenganisha ndugu: nusu akawashusha ziwani ndani ya vizimba vya wavu, nusu mtoni. Ombi la ruhusa lilipita mezani kwa Profesa, naye alilitia saini bila kulisoma, kwa kuwa halikumtaja popote.

Baada ya miaka mitatu akavitoa vizimba. Watoto wa mama mmoja ungedhani hawajuani: wa ziwani wamefura mashavu, wa mtoni wamebanwa bapa na mkondo. Unene wa gamba tu ndio uliofuata damu. Aliyezaliwa na mama mwenye gamba nene alikuwa nalo nene popote alipokaa.

Profesa aliyageuzageuza magamba kwa muda mrefu.

"Umekosea kupima," alisema.

"Pima wewe, Profesa."

Akachukua kipimo cha chuma cha kupimia magamba, akakishika kichwa chini miguu juu. Mama Vipimo akamgeuzia taratibu. Wakapima pamoja mpaka saa ya kufunga ofisi, na tarakimu zikagoma kubadilika.

Kwenye mkutano wa wataalamu, Profesa alitangaza kwamba jambo hilo alilishuku tangu mwanzo. Wakapiga makofi. Halafu mgeni mmoja wa mstari wa mbele akauliza kome wachanga walilelewaje, na Profesa akakohoa, akanywa maji, akakohoa tena. Ikabidi Mama Vipimo apande jukwaani. Alieleza kwa nusu saa, mwanzoni sauti ikimtetemeka, baadaye akisahau kabisa kwamba kuna watu. Profesa alisimama kando na sinia la magamba, akilisogeza kila alipoambiwa.

Ripoti ilipotoka, jina la kwanza lilikuwa la fundi, la Profesa likafuata. Jamii yake mpya ilifutwa kwenye orodha ya jamii za kome kwa mstari mmoja, na hakuna kome aliyelalamika.