Dakika za Mableu

Alhamisi ile, saa kumi na dakika kumi na saba za alasiri, Coach Bertin aliliangalia benchi, akaangalia uwanja, akaliangalia benchi tena. Halafu akamwambia Evodie, "Weye. Ingia." Evodie alikuwa na jezi namba kumi na tatu tangu Oktoba, na jezi ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Jasho lilikuwa halijaigusa.

Coach hakumwingiza kwa kupenda. Kamati ya chuo ilikuwa imemwandikia barua, yenye mihuri mitatu, ikisema wasichana wa mwaka wa kwanza, wale tunaowaita mableu, wapewe muda zaidi wa kucheza, kwa sababu wazazi wamelalamika. Coach alikuwa na wasichana wake watano wa mwaka wa tatu, mbele yao kapiteni Mujinga, na alikuwa amewazoea jinsi mtu anavyozoea viatu vyake. Barua aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka mfukoni. Alhamisi akaitii yote kwa mkupuo mmoja: akawatoa wakubwa watano, akaingiza mableu watano, ili amri imalizike na yeye abaki na amani yake.

Saa ikasimama.

Hiyo ni saa ya stesheni. Uwanja wetu wa mpira wa kikapu, wa sementi, uko nyuma ya stesheni, na Papa Anatole, mstaafu wa reli, aliiteremsha saa ukutani akaitundika kwenye nguzo ya uwanja, ipate kazi siku ambazo hakuna treni. Siku hizo ni nyingi. Yeye ndiye anayepima muda wa mechi na kuandika karatasi, kwa mwandiko mzuri wa watu wa zamani. Aliipiga saa kofi la ubavuni. Akatoa simu, simu nayo ilisema saa kumi na dakika kumi na saba. Akatazama jua juu ya vilima vya Lukuga, akaona nalo halina haraka.

"Saa haiwajui hawa watoto," alisema, akakaa.

Mwamuzi akauliza kama mechi iendelee. Papa Anatole akamwambia hakuna sheria inayosema isiendelee. Basi mableu wakacheza, tena wakacheza kweli, maana walikuwa na njaa ya miezi mitano. Evodie alifunga, akafunga tena, akaanguka, akainuka. Mama wa karanga aliuza beseni lote, akaenda nyumbani, akakaanga zingine, akarudi, akaziuza, na miguu yake haikuchoka hata kidogo kwa sababu muda ule haukumwingia. Ulikuwa unawaingia wasichana watano peke yao. Walipotolewa walikuwa wanahema, kucha zao zimekuwa ndefu, na nywele za Fanny zilizosukwa Jumanne zilikuwa zimeota chini ya misuko kama za mwezi mzima.

Wakubwa wakaingia. Mshale ukaruka: dakika kumi na nane.

Mama wa karanga alisema tu kwamba siku nyingine ingefaa ajulishwe mapema.

Sasa, kuna jambo Evodie alikuwa analitafuta, na ni hili. Kila mwaka mwezi wa sita vyuo vinakutana Lubumbashi kwa michezo, na kwenda huko kuna sharti moja: mchezaji awe na dakika arobaini zilizoandikwa kwenye karatasi za mechi. Arobaini tu. Kule Lubumbashi timu kubwa zinaangalia, na msichana anayewapendeza wanambakiza, wanamsomesha. Mtangulizi wa Mujinga alibakizwa, leo anasomea udaktari. Evodie alitaka udaktari kuliko alivyotaka kula. Yeye na mama yake walifika Kalemie kutoka Nyunzu wakati wa vita, yeye akiwa na miaka kumi, kwa miguu sehemu kubwa, na njiani aliona vidonda ambavyo hakuna mtu aliyejua kuvifunga. Hapa Kalemie aliingia chuo cha biashara kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na nyumba. Sasa alikuwa na miguu mirefu, mkono usiokosea, na mpira wa kikapu. Njia nyingine hakuiona.

Basi alipotoka uwanjani siku ile alifurahi sana. Akahesabu moyoni: hizo ni dakika mia na zaidi.

Wiki iliyofuata walicheza na wasichana wa shule ya wauguzi, na ikabaki dakika moja, Mujinga na wenzake wako nyuma kwa pointi kumi na nne. Coach Bertin si mjinga, tusimwonee. Alitazama saa, akatazama benchi, na uso wake ukaanza kung'aa.

"Mableu! Wote watano!"

Saa ikasimama. Mableu wakacheza mpaka wakarudisha pointi kumi na nne na kuongeza mbili, muda ambao kwa miguu yao ulikuwa kama kutembea kutoka hapa mpaka mji wa Bendera, mwendo wa siku kadhaa. Kisha Coach akawaita nje, akawarudisha wakubwa, na ile dakika moja ikapita. Wauguzi walikubali kwamba wameshindwa. Kapiteni wao alisema wao nao wana mableu, ila hawakuwahi kufikiria kuwatumia.

Kutoka hapo timu haikupoteza mechi tena.

Mji nao ukazoea. Mtu aliyeogopa kukuta biro, yaani ofisi, imefungwa alituma ujumbe kwa Coach, tafadhali, ingiza mableu kidogo. Bibi harusi mmoja ambaye gauni lake lilikuwa bado kwa fundi aliomba robo nzima ya mechi, akapewa. Coach Bertin alianza kusalimiwa kwa mikono miwili. Na mableu walicheza Jumanne, Alhamisi au Jumamosi, na kila mara saa ilipoanza kutembea tena walikuwa wameongezeka umri. Evodie aliota jino la mwisho, lile linaloumiza. Aliongezeka urefu wa vidole vitatu. Viatu vyake vilikwisha soli, akavaa vya mjomba. Siku moja Mama Adrienne, mama yake, alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango.

"Unafanana dada yako mukubwa," alisema.

"Sina dada mukubwa, Mama."

"Njo maana nashangaa," alisema Mama Adrienne, wala hakuonyesha kushangaa. Akaenda kupika.

Mwezi wa tano ulipoisha Coach aliwapanga wasichana mbele ya benchi, akasoma orodha ya wanaokwenda Lubumbashi. Alisoma majina kumi, yote ya mwaka wa tatu, watano wa kuanza na watano wa akiba. Mujinga wa kwanza. Evodie alisubiri. Alisubiri hata baada ya Coach kuikunja karatasi, akidhani kuna ukurasa wa pili.

"Coach. Na siye?"

"Nyiye bado, mama. Mwaka kesho."

"Dakika arobaini, Coach! Miye peke yangu nilicheza... nilicheza..." Alikosa hesabu. Alinyoosha mikono ili Coach aone kucha zake.

"Nenda kwa Papa Anatole," Coach alisema kwa upole. "Karatasi iko kwake."

Akaenda mbio. Papa Anatole alifungua faili lake bila ubishi, akampa kiti, akamwekea kidole kwenye mstari. Mechi kumi na sita. Evodie, namba kumi na tatu: dakika sifuri. Pointi sifuri. Fanny, sifuri, sifuri. Wote watano hivyo hivyo, sifuri zilizochorwa vizuri, za duara. Evodie aliufuata mstari kwa kidole mpaka mwisho. Mpaka hapo hakuna aliyemwambia kwamba muda ambao saa haikuupima haukuwa muda.

"Na pointi nilizofunga?" aliuliza. "Papa, uliziona. Ulikuwa umekaa hapa."

"Niliziona yote, mutoto wangu. Pointi ziko." Papa Anatole akapandisha kidole mpaka mstari wa juu. "Ziko kwa Mujinga."

"Kwa Mujinga!"

"Sasa ningeziweka wapi? Muntu hana hata dakika moja, atafunga namna gani? Karatasi ingekataa. Lubumbashi wangesema Papa Anatole alikunywa."

Evodie alimtazama mzee huyu, ambaye alimpenda, ambaye alimletea maji kila mechi. Hapakuwa na ubaya wowote usoni mwake, na hilo ndilo lililomtisha. Angekuta wizi, angepiga kelele. Alikuta mwandiko mzuri.

Akarudi kwa Coach, akamwambia ni uongo, karatasi ni ya uongo. Coach akakubali mara moja. "Kila muntu anajua mulicheza," alisema. "Nani atabisha? Karatasi njo haijui. Na nyiye muliomba muda, tukawapa muda. Kuna timu yenye imewapa mableu muda kuliko sisi?" Alikuwa anamaanisha. Mujinga alikuwepo, anakausha miguu, akasema naye alikaa benchi mwaka wake wa kwanza wote, na kwamba angalau Evodie alitoka jasho. Alisema hivyo bila kebehi, kama mtu anayempa mwenzake kipande cha sabuni.

Evodie akakimbilia nyumbani. Alikuwa na hakika ya kitu kimoja, kwamba mama yake atapasuka. Mama Adrienne si mtu wa kuonewa. Njiani kutoka Nyunzu aliwahi kumnyang'anya mtu wa bunduki sufuria yake, akaondoka nayo. Sasa alikuwa anapiga pasi sketi yake ya shule. Anafundisha darasa la nne, na ni mwalimu wanayemwita nouvelle unité, yaani mwalimu mpya ambaye jina lake bado linangojewa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Ni mpya tangu miaka tisa. Watoto aliowafundisha kusoma wameshaoa. Wazazi ndio wanaomchangia unga.

Evodie akamweleza yote, kucha, jino, sifuri, pointi kwa Mujinga. Alilia hadi akakwama. Mama Adrienne aligeuza sketi upande wa pili.

"Saa inasimama vile vile na kwa darasa langu," alisema. "Saa moja na nusu ya asubuhi, nikiingia tu. Sikuwahi kukuambia?"

"Hapana, Mama."

"Inasimama. Nikitoka inaendelea. Usilie, utaumwa kichwa."

Evodie alimwangalia. Mama yake ana miaka thelathini na nane. Alikuwa anaiona tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi yake ya uchaguzi iliyochomekwa kwenye kioo. Na mbele yake alisimama mwanamke wa miaka sitini, mgongo umeinama, shingo imejaa mikunjo, anapuliza makaa ya pasi. Mungu wangu! Miaka yote hii alidhani ni uchovu.

Treni ya kwenda Lubumbashi ilipangiwa Jumatatu, saa nne kamili za asubuhi, na mwezi ule, kwa bahati mbaya, ilikuwa tayari kuondoka kwa wakati. Saa nne kasoro dakika tano Coach Bertin alikuja akikimbia mpaka uwanjani, ambako mableu walikuwa wamekaa kuangalia wenzao wanavyoondoka. Mujinga alikuwa bado kwa msusi, nusu ya kichwa. Jezi za safari zilikuwa bado kwenye kamba, zinatiririka maji.

"Watoto wangu, kidogo tu. Ingieni."

"Aka," alisema Evodie. "Leo sichezi."

Coach hakumgombeza. Alifuta jasho, akawatazama wengine wanne, na wengine wanne wakamtazama Evodie, kwa sababu bila yeye hawafiki watano. Fanny akamwendea karibu. "Labda leo itatembea," alinong'ona. "Siku moja lazima itatembea. Tukiwa nje itatembea namna gani?"

Papa Anatole aliisikia. "Ikitembea hata dakika moja, naandika," alisema. "Naapa kwa watoto wangu." Na alikuwa amesema kweli, kalamu ilikuwa mkononi.

Evodie akaingia.

Alicheza akiwa ameikazia saa macho. Wenzake walimpasia, alifunga bila kuangalia ringi. Tembea, alikuwa anaiambia. Ikitembea, treni itaondoka bila Mujinga, sawa, iondoke. Tembea. Msusi alimaliza nusu ya pili ya kichwa, akaona haikai vizuri, akafumua, akaanza upya. Jezi zikakauka, zikapigwa pasi. Mujinga akala. Mizigo ikabebwa, mmoja akasahau kitambulisho, akarudi mpaka mtaa wa Kataki kukichukua. Magoti ya Evodie yakaanza kulia kila akiruka. Bado saa nne kasoro dakika tano. Wasichana kumi wakapanda behewani, wakakaa, wakafungua madirisha, na Coach akatoa mkono nje akapunga.

Papa Anatole akapuliza filimbi. Mableu wakatoka. Mshale ukaruka.

Saa nne kamili treni iliondoka, na mkuu wa stesheni aliwasifu wasichana wa mwaka wa tatu mbele ya abiria wote, kwamba hajaona vijana wanaojali muda namna ile. Kwenye ubao wa chuo kamati ilibandika ripoti: mableu wamepewa muda wa kucheza, amri imetekelezwa yote.

Evodie alikuwa amekaa chini kwenye sementi. Hakuweza kusimama mara moja. Ilibidi aweke mkono mmoja chini, halafu goti, halafu mkono wa pili.

"Papa Anatole," aliuliza, "tulicheza muda gani?"

Mzee alitazama saa kwa makini, akatazama simu, akatazama jua, kwa sababu ni mtu wa haki na hakutaka kumdhulumu mtu.

"Bado hamujaanza," alisema.

Akaandika sifuri tano, moja chini ya nyingine, akampa Fanny kalamu aweke sahihi kwa niaba ya mableu.